Ufunguo Sijampa Seremala

Karakanani,
Nyuma ya duka la vioo.
Jumanne, 9 Juni.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Hujambo huko mtamboni? Kifua kimepona, au bado unakohoa na kujifanya mzima? Sisi hatujambo. Mama miguu inamsumbua asubuhi tu. Ikifika saa nne anatusumbua yeye.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimesimama. Unasema Mama Dobi amekupigia simu kwamba nimemharibia pasi, kwa hiyo mwisho wa mwezi nifunge karakana yako na ufunguo nimkabidhi seremala wa jirani aichukue yeye. Kaka, imeniuma. Miaka miwili nashika bisibisi, leo niachishwe kwa simu moja!

Niliifuata ile pasi, nikaipima hapa mezani: volti 240, ampea 5. Nikagawa volti kwa ampea kama ulivyonifundisha, ukinzani ukawa omu 48. Nikazizidisha, nguvu ikawa wati 1200, sawasawa na ilivyoandikwa kwenye kibao chake. Pasi nzima kabisa. Nikairudisha, Mama Dobi akaipitisha juu ya shuka, mikunjo ikabaki palepale. Akaniambia mbele ya wateja, "Mwanangu, umeme si cherehani. Mwachie kaka yako."

Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini sikuondoka. Nilipima pale pale kwake, pasi ikiwa kazini: volti 216, ampea nne na nusu. Gawa mwenyewe. Omu ni zilezile 48, kwa hiyo pasi haina kosa, ila nguvu imeshuka hadi wati 972. Nikaichomoa, soketi ikarudi 240. Kumbe volti 24 zinapotelea njiani! Zidisha kwa nne na nusu: wati 108 zinapasha moto ukuta, na ukuta wenyewe ndio unaoegemewa na marundo ya nguo za watu. Nikamshika Mama Dobi mkono, nikamwekea kiganja ukutani. Akaanza kusogeza marundo mbali na ukuta.

Nikazima umeme wote, nikafungua kisanduku. Waya unaokwenda chumba cha pasi ni ule mwembamba wa kengele. Na kwenye kiungo kuna utepe mwekundu, ncha yake imekunjwa kama sikio ili fundi atakayekuja asihangaike kuitafuta. Kaka, anayekunja hivyo tunamjua wote wawili.

Sikulaumu sana, wakati ule chumba hicho kilikuwa stoo ya taa moja. Na Mama Dobi sikumwambia kitu. Nimepitisha waya mnene, sasa ukuta umepoa na shuka linanyooka mpaka linateleza. Ameahidi kukupigia simu nyingine.

Akipiga au asipige, karakana sifungi. Ufunguo uko shingoni mwangu. Ukiutaka, njoo mwenyewe, uje na kipimo chako, tupime nyumba zote ulizowahi kutandaza nyaya. Hapo ndipo tutajua nani amwachie nani.

Msalimie sana wifi, na mwanenu Kidoti mwambie redio yake nimeitengeneza, inaimba. Mama anakuombea, seremala naye anakusalimu, ingawa alishaanza kupima mlango wetu kwa futi yake. Mungu akukinge na mitambo hiyo mikubwa, akurudishe na mikono yako yote miwili.

Ni mimi dadako, nikupendaye hata nikikasirika,
Fundi uliyemkunjia utepe.