Karatasi ya Mwisho ya Eloy

Las Cebollas, New Mexico
Ijumaa, 9 Mei, saa ya chakula cha mchana

Kaka yangu mpendwa Delfino,

Salamu nyingi kwako, kwa wifi Ramona na kwa Araceli wetu. Natumai mgongo umepoa tangu mlipozibua mfereji, na pilipili zimeshaota. Mimi mwili mzima, ila roho haijatulia, ndiyo maana nakuandikia wakati nyumba zetu zimetengana mwendo wa dakika kumi tu. Nikija mwenyewe nitakunywa kahawa niondoke bila kusema.

Unajua leseni yangu ya ualimu ya Daraja la Kwanza inaisha Juni hii. Unapewa miaka mitano. Usipopanda Daraja la Pili, unafunga virago. Bi. Archuleta, ambaye yuko Daraja la Tatu na hachoki kutukumbusha, alinieleza kwamba lazima nitume kazi za watoto watatu, hodari, wa kati na anayevuta mkia, karatasi za mwanzo na za mwisho, wakaguzi waone nimewatoa wapi nikawafikisha wapi. Akacheka, akasema, "Hao wawili si kitu, shoga. Huyo wa mkiani ndiye atakayekupa leseni au akunyime."

Wa mkiani wangu ni Eloy, mjukuu wa mzee Candelario. Nilikaa naye kila mchana tangu Septemba. Februari karatasi yake ya mwisho ilikuwa sawa na ya mwanzo, mistari miwili na herufi zimegeuka. Siku zikaniishia. Nikatuma nilichotuma, nikapita. Mama akapika posole, ile supu yetu ya mahindi na nyama, sufuria zima, akawatangazia majirani, na wewe ukaninyanyulia glasi. Mimi nikarudisha bakuli langu jikoni likiwa limejaa.

Jumanne mkuu wetu, Bwana Sandoval, aliniita akafunga mlango, jambo asilolizoea. Akasema majalada machache yamechaguliwa kuhakikiwa, langu limo, na Jumatatu mkaguzi atakuja kukaa na watoto mmoja mmoja awaonyeshe kazi zao. Akanitania, "Mbona umepauka, mwalimu? Wewe tena wa kuogopa?" Kisha akaenda kuwaambia watoto wajiandae kwa mgeni. Tangu hapo hata kuandika ubaoni kumenishinda. Nikisikia gari uwanjani, nakimbilia dirishani.

Jumapili uliniambia Araceli analia tumbo kila asubuhi, hataki shule, na daktari haoni kitu. Ukaniomba, kwa kuwa nashinda naye darasani, nichunguze nani anamwonea. Nikajibu nitaangalia. Kaka, nilikudanganya huku nakutazama usoni.

Ni mimi. Karatasi ya mwisho ya Eloy aliiandika Araceli. Nilimbakiza wakati wa mapumziko, nikamwambia aandike vizuri, lakini asizidishe. Jina la Eloy niliandika mwenyewe juu. Aliniuliza, "Shangazi, Eloy mwenyewe anajua?" Nikamwambia iwe siri yetu, hata baba asiambiwe. Ana miaka minane, na ameibeba miezi mitatu.

Jana alinijia mezani, akaninong'oneza nisiogope, maana mgeni akimuuliza atasema alimwona Eloy akiandika kwa mkono wake. Alikuwa ananituliza mimi. Alikwisha kuupanga uongo wote, mpaka rangi ya penseli.

Leo saa tisa, watoto wakitoka, naingia kwa Bwana Sandoval kumweleza yote. Leseni itakwenda, pengine nisifundishe tena popote. Naogopa, sikufichi. Lakini siwezi kumwacha mtoto akalie kiti mbele ya mkaguzi Jumatatu kwa ajili yangu. Nakuomba umwambie leo kwamba shangazi amesema mwenyewe, na hakuna anayemkasirikia. Mama nitamwambia mimi.

Mpe wifi salamu zangu, na uniombee radhi kwake kabla sijathubutu kumtazama. Wewe ukinikasirikia, una haki.

Barua hii anakuletea Araceli kwenye mkoba wake. Ameniuliza kama ni siri. Nimemwambia hapana.

Mdogo wako,
Orlinda