Mama Yako Alikaa Behewa Lake

Mama Kendi mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku kaskazini mwa Uskoti, ambako siku hizi jua linaingia kazini saa tatu na kutoka saa tisa kama karani wa serikali. Mimi ni mzima, ukiondoa vidole, ambavyo vilishaajiriwa na barafu ya kiwanda cha samaki. Wewe je? Kendi aliacha kukohoa? Na yule ng'ombe ana mimba kweli, ama ametudanganya tena? Nasikia mvua imefika Embu. Naomba iwe imekumbuka na Kibugu.

Kabla hujaendelea: barua hii usiisome kwa sauti. Najua bahasha yenye picha ya malkia ikifika hapo, majirani wanaketi kama wako kanisani na wewe unageuka mhubiri. Leo waambie nimesema sijambo, wapewe chai, halafu uende nayo kwenye migomba ukiwa peke yako.

Ni habari ya mama yako.

Unajua alikuja na wale akina mama wa kanisa la Kibugu waliokaribishwa na kanisa la huku. Wiki ya kwanza kifua kikamshika, wenzake wakarudi nyumbani, yeye akaachwa hospitali. Tiketi yake ya ndege ikasogezwa hadi Ijumaa usiku, kutoka London, na tukaambiwa haitasogezwa tena. Mchungaji wa huku, ambaye angempeleka, akateleza kwenye barafu na kuvunjika mguu. Ndipo akanipigia simu kiwandani akiuliza kama mimi ni jamaa yake. Nikasema mimi ni mkwe wake, nimemwoa binti yake. Akasema vizuri sana, basi utamsindikiza. Aliposema hivyo nikajua huku mkwe ni mtu kama watu wengine.

Nikaenda hospitali. Nikasimama mlangoni nikatazama ukuta, yeye akatazama dirisha, tukajuliana hali kama watu wawili wanaoongea na nyumba. Muuguzi akaniuliza pembeni kama tumegombana. Ningemwelezaje nthoni, ile heshima ya ukwe? Kwamba tangu nilipokuoa sijawahi kumpa mama yako mkono, wala kula nikimtazama, wala kulala chini ya paa moja naye? Nikamwambia tunapendana sana, ndiyo maana tunakaa mbali. Akaandika kitu kwenye karatasi yake.

Sasa tuchague njia ya London. Nilikwenda stesheni nikiwa na akili timamu. Karani wa tiketi, mzee mwema, akanipendekezea treni ya usiku. Akafungua kitabu cha picha: chumba kidogo chenye mlango wa kufunga, kitanda kimoja chini, kingine juu yake. Akasema mama atalala chini na mimi nitapanda juu. Mama Kendi, nilitoka nje kutafuta hewa.

Kulikuwa na ndege ndogo, lakini mama yako alisema ndege ni ile moja ya kumrudisha nyumbani, akiongeza nyingine atakuwa anamjaribu Mungu. Rafiki yangu wa kiwandani, anayekata vichwa vya samaki karibu nami, akajitolea gari lake. Nikalitazama: kiti kimoja kirefu mbele, watu watatu bega kwa bega, na nyuma mapipa. Nikamwambia mimi nitakaa nyuma. Akasema polisi hawakubali mtu kukaa na mapipa. Basi la abiria nalo lina viti viwili viwili, na kukaa mmoja mbele na mwingine nyuma kungewezekana, ila ni safari ya saa kumi na tatu, na mgonjwa yule.

Nikarudi mlangoni nikauelezea ukuta yote hayo. Mama yako alikuwa ameshika kikombe, akiichungulia ile kamba ya chai yao. Sisi tunaochuma majani tangu utotoni hatujawahi kuona chai iliyofungwa kamba. Akaliuliza dirisha, "Wanaifunga kwa nini, ilitaka kutoroka?" Kisha akaamua: treni ya mchana, yeye behewa la kwanza, mimi la pili. Muuguzi alifikiri ni ugonjwa unaongea. Mimi niliona ni mpango mzuri kuliko yote niliyosikia tangu nifike nchi hii.

Ijumaa alfajiri nikamkabidhi kwa kondakta, nikaingia behewa langu. Kila kituo nilishuka, nikapita kwenye dirisha lake na kukohoa kidogo. Naye aliinua kiondo chake kunionyesha yuko hai. Tulikwenda vizuri hivyo mpaka saa tano, theluji ikaanza, na treni ikasimama katikati ya kondoo.

Ilisimama kwa muda wa saa mbili. Ndege haikuwa imesimama. Nilikaa pale nikitazama saa yangu, na hakuna mtu wa kumlaumu wala mlango wa kubisha. Mwishoni wakaleta basi kutuvusha hadi stesheni iliyo mbele. Lilikuwa moja kwa watu wote wa treni, wazee na watoto kwanza. Mimi nilipopanda, nafasi iliyobaki ilikuwa moja, na ilikuwa kando ya mama yako.

Nikasimama. Dereva akasema haondoki mtu akiwa wima. Watu wakaanza kuguna, nikasikia mmoja akiuliza kama kiti kina moto. Nikatafuta namna ya kushuka, lakini tiketi zote mbili zilikuwa mfukoni mwangu, na bila mimi mama yako asingejua hata ashukie wapi. Ndipo akasema, bila kugeuza kichwa:

"Kaa chini, Baba Kendi. Hawa hawajui nthoni, na wale wanaojua wako Kibugu."

Nikakaa. Nikajibana kwenye ncha ya kiti mpaka nusu yangu ikawa hewani. Basi likaondoka, likayumba, na kwenye kona ya pili kichwa chake kikaangukia bega langu. Alikuwa amelala. Sikuthubutu kupumua.

Na hapo, Mama Kendi, ndipo nilipokisikia kifua chake. Si sikio langu lililosikia, ni bega. Ndani mlikuwa mnachemka kama sufuria ya maharagwe yaliyokauka maji. Kisha akaamka akikohoa, akaficha uso kwa leso yake nyeupe ya kanisa, na kabla hajaikunja nikaona alama nyekundu, pana kama shilingi. Akaona kwamba nimeona.

"Ni jamu," akasema. "Walinipa jamu nyingi."

Mkwe atajibu nini? Nilisema jamu ya huku ni nzuri. Daktari wao hakuwa ameniambia kitu, kwa sababu katika karatasi zao mimi nilitosha kumbeba lakini sikutosha kuambiwa. Na nadhani hata wao aliwapa jamu hiyo hiyo.

Kwenye stesheni ile tukapanda treni nyingine, kila mtu behewa lake, tukafika uwanja wa ndege jioni, watu wa mwisho kabisa. Msichana wa pale akamweka kwenye kiti cha magurudumu na kuanza kumsukuma haraka. Mama yako akamsimamisha kwa mkono. Akanitazama, mara ya kwanza tangu harusi yetu.

"Ukimwandikia Mama Kendi," akasema, "mwambie nilikaa behewa langu."

Nikasema nitamwambia. Wakaingia mlango ambao mimi sina tiketi yake. Nilisimama pale mpaka mfagiaji akaniomba niinue miguu.

Leo ni siku ya tisa na sijui kama alifika. Barua hii ikikukuta, atakuwa amekwisha kukuambia kwamba ni mzima, na kwamba wazungu walimponya. Usimwamini. Mpeleke hospitali ya Embu wapige picha ya kifua, na usikubali dawa ya kikohozi ya dukani. Kendi asilale naye kitanda kimoja mpaka majibu yatoke. Atakuuliza umejuaje. Sema umeona amekonda. Sema umeota. Bega langu usilitaje, maana akijua nimesema, hatakanyaga hospitali kwa aibu, na nitakuwa nimemuua kwa mdomo. Kama wazee watataka mbuzi wa kusafisha jambo hili, nitamtoa, lakini baada ya picha.

Nisalimie mama yangu, umwambie soksi alizofuma zilifika. Msalimie kaka yako anayepima majani kwenye kituo cha chai, mwalimu mkuu aliyenifundisha kuandika barua ndefu, na jirani mwenye fahali, kama bado ana haki ya kusalimiwa. Kendi mwinue juu mara moja kwa niaba yangu.

Na mama yako, mpe heshima zangu kutoka mbali.

Ni mimi mumeo,
Baba Kendi,
niliyesafiri behewa la pili.