Penalti Uliyompa Omari

Baba,

Wanaume huja kukusalimu kaburini. Mimi nakuletea salamu zangu kwa kalamu, na pamoja na salamu nimekuja na shaka. Wanijua, tangu utotoni sikunywa maziwa mpaka niyanuse.

Mama bado yumo edani. Vijana wa timu yako ya Kuze sasa wanafundishwa na mtu anayepiga kelele hata kabla ya mechi kuanza. Kofia yako nimeichukua mimi. Na barazani bado wanabishania fainali ile, mwaka wa sita sasa. Kizingo wako mbele kwa bao moja, dakika ya mwisho, refa anatupa penalti. Shebe, mfungaji wetu, ameshaushika mpira. Wewe ukasimama kando ya mstari ukamwashiria ampe Omari, beki ambaye hata mpira wa kurusha ulikuwa ukimponyoka. Omari akapiga, kipa akaudaka kama anayepokea mtoto.

Kipa mwenyewe Salim. Salim ambaye barua yake ya kuniposa ilikuwa juu ya kabati letu, haijajibiwa. Siku ya tatu ikaja sahani ya haluwa kutoka kwao, na wiki haikuisha ukawajibu ndiyo. Mtaa ukasema umetoa kombe upate mkwe. Nilikuuliza. Ukanijibu, "Mwanangu, kula haluwa." Sikuigusa. Jibu gani hilo, Baba? Asiye na la kuficha hujibu swali.

Nikaolewa na shaka hiyo. Salim ni mume mwema, sina la kumsingizia, lakini kila alipoanza kuwahadithia wageni alivyoidaka ile penalti, mimi niliondoka kwenda jikoni. Nilijiuliza kama nimeozwa au nimebadilishwa kwa kombe.

Halafu ukafa. Kaka alirudi kutoka makaburini akanieleza kwamba imamu alipowaomba watu wakusamehe, wote waliitikia, "Tumemsamehe." Shebe peke yake alinyamaza, akatazama viatu vyake. Nilikosa raha tangu siku hiyo. Nikasema basi, mwenye haki yake amekataa, na babangu amezuiliwa kupumzika kwa sababu ya ndoa yangu.

Juzi nilikwenda na kaka mpaka kibandani kwa Shebe, anakoshona viti vya tuktuk. Nilikwenda kukuombea radhi, na nilikwenda pia kumchunguza macho. Aliacha sindano katikati ya mshono. Akasema, "Nimsamehe nini, dada? Magulu yangu yalikuwa yatetema. N'limwambia, Mwalimu, siwezi, nisitiri."

Ukamsitiri. Ukasemwa miaka sita, na yeye amekaa baraza ile ile akisikia. Ndiyo maana mbele ya kaburi lako alishindwa kutamka kwamba amekusamehe, kwa kuwa aliyekosa ni yeye.

Nililia pale pale, katikati ya sponji na ngozi za viti. Kwa huruma, na kwa hasira pia. Mimi mwanao ningeshindwa kuitunza siri? Haya, wakati ule ningeshindwa. Nikamwambia umemsamehe. Kama nimekusemea uongo, shauri yako, ulikuwa na muda wa kunieleza.

Lakini kwa nini Omari? Na posa, mbona uliijibu wiki ile ile? Mama anasema ulikuwa umeshaamua kabla ya fainali, ila hukutaka niitazame mechi moyo wangu nusu kwetu nusu kwao. Mama naye hupenda kukutetea. Namwamini nusu.

Sasa ahadi yangu. Wakikusema tena barazani, nitapita nimefunga mdomo. Itanichoma, maana kumtaja Shebe tu kungekusafisha leo hii. Sitamtaja, hata kwa Salim. Jana walikuja wageni, akaanza tena hadithi ya penalti yake. Sikwenda jikoni. Nilikaa nikaisikiliza mpaka mwisho, nikampigia makofi.

Kisha nikatoa sahani, nikala pamoja nao.

Lala salama, Baba. Haluwa nimeila.

Mwanao,
Mwanaisha