Nimemlaani mpwa wangu kwa sababu ya betri ya Landrova

Mpendwa Bi Kalpana,

Naomba msaada wako kabla moyo wangu haujazima, maana daktari ameshaacha kunidanganya, na nakuandikia wewe kwa sababu wasomaji wa ukurasa huu wote wanajua ulikulia nyuma ya kaunta ya duka la spea la baba yako hapa Arusha, kwa hiyo utayaelewa mambo yangu yote mawili, la betri na la damu.

Naishi nyuma ya Mlima Meru, upande wa Oldonyo Sambu. Nilifundisha kemia hadi nilipostaafu, ni mzee wa kanisa la Kilutheri, na nina Landrova ya dizeli inayobeba maziwa, majani ya ng'ombe na wagonjwa wa mteremko huu wote, na dereva wake alikuwa Lengai, mtoto wa dada yangu Simaloi. Betri sikuruhusu mtu aiguse. Niliijaza maji mwenyewe, maji ya bomba letu, nikiyachemsha kwanza na kuyachuja kwa kitambaa cheupe, na kila aliyeniambia ninunue ya dukani nilimjibu kwamba sitauziwa maji na mtu niliyemfelisha darasani.

Betri ikafa kabla ya wakati wake, nikanunua nyingine, nayo ikaanza kuchoka, hadi asubuhi tuliyokuwa tupeleke mahari ya Lengai kwa wazazi wa mchumba wake Nalepo, wazee wamevaa, mbuzi wamepakiwa, blanketi na asali vimefungwa, gari likasema tik, basi. Nikamwambia Lengai mbele ya watu wote kwamba ameiuza betri yangu sokoni Sombetini na kuniwekea mzoga.

Akasema, "Mjomba, ni ile ile. Alama yako ya rangi hii hapa, njoo uone."

Sikwenda kuona. Nilinyoosha fimbo yangu nikatamka, "Mkono ulioniibia usijenge nyumba, na ukijenga, asilie mtoto ndani yake." Wazee wakainamisha vichwa. Dada yangu akaniambia, "Kaka, watoto wa watu umewafundisha, wangu umemlaani." Kabla jua halijatua habari zilikuwa zimefika kwa kina Nalepo, nao wakasema binti yao haolewi na mtu mwenye laana ya mjomba wake.

Juzi binti yangu Diana aliniletea chai kitandani na vipande vyeupe vinaelea, nikamwambia alete sufuria, nikaiona imeota ganda kama chokaa, nikapandwa na hasira, ile hasira ya kutaka kumchapa mtu, na wa kuchapwa ni mimi: kuchemsha hakuondoi chumvi ya maji, kunapunguza maji na kuiacha chumvi pale pale, nimelifundisha hilo maisha yangu yote, na maji haya haya ndiyo yaliyotutia meno rangi ya kahawia ukoo mzima! Betri nimeziua mimi.

Wanangu wa kiume wananiambia ninyamaze, eti mzee wa kanisa atasimamaje kukiri kwamba alilaani mtu, bora niandike maneno yasomwe nikishazikwa. Nawakasirikia kwa sababu ushauri wao unanipendeza. Je, niandike? Na kwa kuwa nataka kumwachia Lengai gari lile, ninunue betri gani isiyokufa?

Mwalimu Meitamei

Mwalimu Meitamei,

Shikamoo. Umri wako nimeuheshimu, sasa nisikilize.

Usiandike. Wazee wa Kiarusha waliokuwa wakimsubiri baba yangu kwenye benchi la duka walikuwa wakibishana juu ya kila kitu isipokuwa hili: aliyetamka ndiye anayetengua, kwa mdomo wake, akiwa hai. Unalijua kuliko mimi. Ukifa kimya, unamzika kijana huyo pamoja nawe, na karatasi haitamfukua. Nakuhurumia kwa moyo wako mgonjwa, lakini ananiuma zaidi yule kijana aliyekuambia njoo uone, na wewe ukaona uvivu wa kuinama! Na kanisa lisiwe kisingizio. Siku ya kulaani hukukumbuka kwamba wewe ni mzee wa kanisa, usiukumbuke uzee huo siku ya kutengua.

Betri isiyokufa haipo. Dizeli na baridi ya asubuhi ya huko kwenu zinataka betri kubwa, ile ya N70, au saizi iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Usichukue ndogo kwa sababu ni rahisi. Soma tarehe ya kutengenezwa, maana iliyolala dukani mwaka mzima inakuja kwako ikiwa imezeeka. Ifungwe kwa chuma chake, si kwa mpira wa baiskeli, kwani mashimo yenu yanaitikisa hadi inapukutika ndani. Maji ni yale ya betri ya dukani, yasiyo na asidi wala chumvi, yafunike sahani za ndani kidogo tu, yasifike mdomoni. Vichwa vyake visafishwe na kupakwa grisi. Gari litembee, kulingurumisha uani kidogo hakujazi betri. Na alteneta inayoichaji ipimwe kabla hujailaumu betri, achilia mbali mtoto wa dada yako.

Wiki hii, Mwalimu, si ijayo, waite watu wale wale, na wazazi wa Nalepo wawepo. Diana akutoe nje na kiti chako. Useme kwamba betri uliiua wewe, kwamba mkono ule haukuiba, ujenge nyumba, na ndani yake walie watoto hadi majirani wachoke. Mnyunyizie Lengai maziwa kwa majani mabichi kama baba zako walivyofanya. Usianze somo la kemia. Lengai akifoka, mwache afoke, ameyabeba maneno yako ya kutosha.

Kisha mpe ufunguo. Betri mpya aifunge yeye, na kazi ya kuijaza maji uachane nayo kabisa. Gari likiwaka, mahari iende siku hiyo hiyo. Kiti cha mbele ni cha Simaloi. Wewe panda nyuma, na mbuzi.

Kalpana