Kwa Nini Nilikukana Ndani ya Basi

Berea, Johannesburg
Jumapili jioni

Baba mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima na kwa hamu. Goti lako linaendeleaje? Na maji ya ziwa, yamerudi chini ya ukuta wa kanisa, au bado mnavua viatu ili muingie kusali? Sisi huku tunapumua. Shangazi anasuka nywele za watu tangu asubuhi hadi miguu inavimba, lakini anasema heri ivimbe kuliko saluni iwe tupu.

Barua hii anakuletea Baba Esther, jirani yetu wa ghorofa ya tatu, anayerudi Uvira kumwoza binti yake. Nimeamua kuandika kwa sababu kwa mdomo nitashindwa. Unanijua.

Wiki tatu zilizopita ulinipigia simu asubuhi, nikakujibu kwa Kiingereza kwamba umekosea namba na sikujui. Nilikusikia ukisema, "Riziki, ni mimi, baba yako," kisha nikakata. Tangu siku hiyo hujanipigia. Shangazi alinisikilizisha ujumbe uliomtumia: "Mwambie huyo Mzungu wako kwamba baba yake hajafa." Alianza kucheka, akaona uso wangu, akaacha.

Baba, sikukuonea aibu. Nilikuwa ndani ya basi kwenda shuleni Malvern. Siku hizi kuna watu wanaosimama vituoni na mlangoni pa kliniki wakiwadai wageni karatasi za kuishi nchini. Kwa hiyo Shangazi ametuwekea sheria: "Kiswahili kinabaki nyumbani. Ukifika barabarani, wewe ni bubu." Asubuhi ile wanaume wawili wenye fimbo walipanda kwenye kituo cha Jules Street, wakakaa nyuma yangu. Mmoja alikuwa akisema kwa sauti kwamba basi zima limejaa watu wa kurudishwa kwao. Ndipo simu ikalia, na kwenye kioo pameandikwa "Baba". Nilikukana kwa sauti kubwa ili wanisikie. Hilo ndilo linaloniuma. Ningeweza tu kuizima.

Sasa nikueleze kilichotokea shuleni. Mwaka huu katika historia tunasoma Amerika ya miaka ile baada ya Vita Kuu ya Pili. Askari Weusi walirudi kutoka kupigania uhuru wa watu wengine, wakakuta kwao kiti cha mbele cha basi bado si chao. Katika mji mmoja wa kusini, watu Weusi walikataa kupanda mabasi kwa zaidi ya mwaka. Wapishi, madobi, wazee, wote kwa miguu. Hayo nilikuwa nayajua, maana kitabu cha somo nilishakimaliza zamani. Nisilolijua ni kwamba waliposhinda mahakamani, kabla ya kupanda tena, walifanya mazoezi. Walipanga viti kama vya basi. Mmoja anakaa, wenzake wanamtukana vile atakavyotukanwa, naye anajifunza kubaki pale bila kurudisha tusi. Fikiria, Baba. Walifundishwa kutukanwa na watu waliowapenda.

Mwalimu wetu, Bi Mokoena, akatuambia tupange viti na sisi. Akanichagua mimi nikae mbele, kwa sababu insha niliyoandika juu ya mabasi hayo ilimpendeza. Nilipewa sentensi moja tu: "Nimelipa, nitakaa hapa." Darasa zima lilikuwa la kunipigia kelele.

Mwanzoni ilikuwa mchezo. Mvulana mmoja akaigiza sauti ya mzee wa Kizungu: "Wewe! Nyuma!" Wakacheka, hata mimi nikacheka. Halafu kutoka upande wa dirisha nikasikia, "Rudi Kongo! Toa karatasi zako!"

Kicheko kikakatika. Alikuwa Lerato, ninayekaa naye dawati moja, anayeazima madaftari yangu kila wiki.

Bi Mokoena akasema taratibu, "Huyo abiria hayuko Amerika."

"Lakini Ma'am, ulisema tutukane," Lerato akajibu.

Mwalimu akaniuliza tuendelee au tuache. Nilitaka kusema ile sentensi yangu. Mdomo ulikataa. Nikakaa tu hadi kengele ikalia, nikitazama ubao.

Lerato alinifuata kwenye korido. "Nilikuwa naigiza."

"Najua."

"Mjomba wangu anasema hivyo mezani kila siku. Yametoka yenyewe." Mimi sikumsaidia; nikaenda zangu.

Nilipomsimulia Shangazi, aliweka kitana chini. "Yaani shule inakufundisha kutukanwa? Si ungekuja saluni na mimi, ungefuzu kwa wiki moja!" Kisha akanikumbusha sheria yake.

Ijumaa nilipanda basi, nikakupigia. Hukupokea. Nikaamua kukuachia ujumbe wa sauti, kwa Kiswahili, kuanzia salamu, kama ulivyonifundisha, bila kuruka mtu. Lerato alikuwa amekaa viti viwili mbele yangu. Nyuma kulikuwa na mwanamume nisiyemjua.

"Wewe msichana, hiyo ni lugha gani?" akauliza. Sikugeuka. "Nakuuliza wewe!"

Nikamwambia kwa Kiingereza, "Naongea na baba yangu." Kisha nikaendelea na wewe. Hakunigusa. Alisema mengine, akashuka kabla yetu.

Tuliposhuka, Lerato alitembea kando yangu hadi getini. Kiswahili hajui, lakini neno baba hata wao wanalo. Akauliza, "Amejibu?"

"Bado."

"Eish," akasema, kama wanavyosikitika watu wa huku, akaingia darasani.

Baba, ule ujumbe hadi leo una tiki moja tu, yaani haujafika kwenye simu yako. Sijui ni mtandao au ni hasira, umenifungia. Tafadhali ufungue, usikilize hadi mwisho. Katikati utasikia sauti ya mtu, halafu kimya kirefu. Usidhani simu ilikatika. Nilikuwa bado nimekaa pale, na kidole changu hakijaachia kitufe cha kurekodi.

Shangazi usimgombeze, sheria yake inatoka kwenye woga wa mtu anayetupenda. Hajui bado kwamba nimeivunja. Nitamwambia kesho, kabla hujamwambia wewe. Nisalimie Bibi, mama yako, umwambie bado nalala na kitenge chake. Nisalimie kaka yangu mkubwa na mke wake, na yule mwalimu wangu wa darasa la nne aliyeniazima kamusi. Mwambie ninayo.

Saa za huku na za Uvira ni zilezile. Nipigie siku yoyote ya shule, saa moja asubuhi. Saa hiyo ninakuwa ndani ya basi.

Binti yako,
Riziki