Blaindi Nyeusi za Chumba cha Bibi

Baba Khulud,

Chai iko kwenye chupa, vitumbua nimevifunika. Mie nimekwenda Chang'ombe kwa fundi, kubadilisha zile blaindi za dirisha ulizomfungia mama yako jana. ~~Usiniulize kwa nini.~~ Basi nikwambie.

Asubuhi nimeingia kumwamkia, jua limeshapanda. Chumbani giza totoro, yeye kakaa kwenye mswala na udhu wake, anangoja alfajiri. Adhana haisikii siku hizi, wajua; lile dirisha la mashariki ndilo saa yake. Akaniuliza, "Wahiba, mbona leo hakuchi?" Nilipofungua, akaliona jua, sala imeshampita, akalia.

Ulichagua nyeusi ili asiungue na jua, najua. Lakini ungemuuliza kwanza, jamani! Nitaleta nyeupe, zinazopunguza jua bila kuziba mwanga. Hizo nyeusi tutazifunga chumbani kwetu, kwako wewe unayelala mpaka saa nne.

Mpelekee chai mwenyewe, ukae naye. Radhi usimwombe, maana kaniapisha nisikwambie: ni zawadi ya mwanawe. Akizisifia hizo nyeusi, itikia tu. Akiuliza kwa nini zinabadilishwa, sema fundi ndiye aliyekosea rangi.

Karatasi hii ichane.

Mama Khulud