Pingili za Mboko

Jumatatu, 1 Septemba

Nimepiga pasi kitambaa cha Meza ya Bwana. Kaa moja limeruka, kona imeungua. Nimeikunja kwa ndani isionekane. Kazi hiyo ninaijua.

Meza ni Jumapili. Marakuja, matunda ya kukamua juisi ya Meza, nitanunua Ijumaa.

Baada ya maombi ya asubuhi Pasta aliniita. Mama Riziki amekubali kuungama. Miaka miwili amekaa benchi la mlangoni, la waliofungiwa Meza, akikana kwamba alikwenda kwa mganga. Sasa binti yake anaolewa mwisho wa mwezi, na mama aliyefungiwa hasimami mbele na mwanawe. Wazee wa kanisa wanataka ungamo la maandishi. Riziki hajui kuandika. Katibu ni mimi. Basi niandike.

Nilisema ndiyo, Pasta. Nilisema haraka mno.

Jumanne, 2 Septemba

Siwezi kuandika karatasi ile kabla sijaandika hili.

Mwaka juzi nilikuwa kwenye matanga kijijini Mboko. Nikamwona Riziki akishuka ile njia ya mlimani inayopita kwa mganga. Furushi kichwani, limefungwa kwa kitenge cha manjano. Nikarudi hapa mjini Baraka nikawaambia wazee. Hapo sikuwa nimedanganya. Nilisema nilichokiona, na nilichodhani nikakitia chumvi kidogo.

Siku ya tatu Riziki akaja kwangu na kitenge kile kile. Ndani, pingili za muhogo. Alizitoa kwa mkulima mmoja juu kabisa, kupita mganga. Mbegu nzuri, haishikwi na ule ugonjwa wa majani. Alizifunika zisikauke kwa jua, kama tunavyofanya sote. Akanigawia nusu.

Nilijua hapo hapo, mikono ikipokea.

Kesho yake wazee wakamwita. Akaeleza habari ya pingili. Akasema, muulizeni mama huyu, nusu nimempa yeye. Wakanigeukia. Palikuwa na nafasi moja ya shemasi mwanamke, na majina mawili: lake na langu.

Nikasema sikuona pingili yoyote.

Alinitazama. Akaenda kukaa mlangoni.

Tangu siku ile Baraka nzima inaniita Mama Shemasi. Nalipenda jina hilo. Nikilisikia sokoni nageuka haraka kama msichana. Hilo ndilo linaloniaibisha kuliko yote.

Jumatano, 3 Septemba

Nimepika sombe. Majani ni ya mihogo ile. Niliipanda nyuma ya choo, ambako wageni hawafiki. Mbegu nzuri siwezi kutupa, hata kama ni ushahidi.

Imestawi mno. Wilondja, mwanangu, ameomba aongezewe. Mimi sikula.

Alhamisi, 4 Septemba

Riziki amekuja. Nilimpa kiti, akachagua mkeka. Nikamuuliza niandike nini. Sijui uso wa kuuliza niliutoa wapi.

"Andika tu ile banataka," alisema. "Mutoto wangu anaolewa."

Nikaandika. Mimi Riziki nilikwenda kwa mganga wa Mboko, ninatubu mbele ya Mungu na kanisa. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri kuliko siku zote. Nikamsomea. Akatia kidole kwenye wino, akabonyeza chini ya jina lake. Alikuwa anakubali dhambi ambayo hakuitenda, na aliyemshikia karatasi isiteleze ni mimi.

Nilitaka kusema. Mdomo ukafunguka, ukauliza kama anataka maji.

Akajifuta kidole kwenye ukingo wa mkeka. Mlangoni akasimama.

"Mi nilishakusamehe. Niliomba Mungu mwaka muzima, akanipa. Lakini ile ya kusema, haiko yangu."

Akaenda. Nilikaa na jagi la maji ambayo hakuyanywa hadi watoto walipotoka shule. Ningeona afadhali angenitukana. Tusi ningelijibu.

Ijumaa, 5 Septemba

Nilikwenda kwa Pasta nimwambie. Nikawakuta wazee wawili barazani. Nikasema nimekuja kuuliza vikombe vya Meza ni vingapi.

Mwoga. Naandika neno hilo nilione.

Jumamosi, 6 Septemba

Nimekamua marakuja, nimechuja mara mbili. Juisi ya Meza. Mwaka wa pili huu nakunywa kikombe hicho wa kwanza kabisa, mbele ya mashemasi wote, na Riziki akiniangalia kutoka mlangoni.

Nikisema, nafasi inakwenda. Na jina linakwenda. Wilondja atasikia shuleni mama yake ni mwongo. Nisiposema, Riziki atasimama kesho kujipaka matope niliyomkorogea mimi.

Nimeomba. Nilianza kama kawaida: Bwana, mimi shemasi wako. Nikakwama. Yule anayeitwa shemasi ameokotwa kwenye uongo. Nikimtoa, sijui anabaki nani.

Jumapili, 7 Septemba

Imetendeka. Naandika kabla sijaanza kuipamba.

Riziki alisimama mbele, kichwa wima. Pasta akanipa karatasi niisomee kanisa. Inaanza na neno "Mimi". Nikalisoma. Jina lake likakataa kutoka.

Nikasema, "Mimi Apolina. Pingili niliziona. Alinipa kwa mikono yake. Ziko nyuma ya choo changu, nendeni muangalie. Riziki hakwenda kwa mganga. Nilidanganya ili niwe shemasi."

Kwaya nzima iligeuka. Kisha kelele. Mzee mmoja akasema nimelidhihaki kanisa. Pasta akanyoosha mkono, nikamvulia kitambaa changu cheupe cha kichwa, kile cha ushemasi. Nikatembea hadi benchi la mlangoni. Kumbe ni mbali.

Riziki akaitwa akae mbele na binti yake. Akala, akanywa. Kikombe kilipita, kikarudi. Nilitambua harufu ya juisi yangu.

Hakuna aliyenishika mkono. Nami nilikuwa nimetazamia, naona haya kuandika, kwamba watanisifu kwa ujasiri. Hata toba yangu ilikuwa na njaa ya makofi.

Jumapili, 14 Septemba

Benchi la mlangoni. Unaona visigino vya kwaya, na mbuzi wanachungulia. Upepo wa ziwa unaingia moja kwa moja. Riziki alikaa hapa miaka miwili na sikumsikia akikohoa.

Sokoni sasa wananiita yule tu, bila jina. Wilondja alirudi kutoka shuleni shati limechanika, hakutaka kusema kwa nini. Nilishona mpasuko, nikarudishia kifungo.

Wakati wa maombi sikujua nijitambulishe vipi. Mwishowe nikasema: ni mimi, Apolina. Ni jina la ubatizo, nilipewa kabla sijafanya lolote la kusifiwa. Mungu hakuniuliza cheo. Nililia, lakini si kwa ile aibu ya juma lililopita. Aibu ingalipo. Imepungua uzito kidogo.

Jumamosi, 20 Septemba

Mvua ilinyesha alfajiri. Udongo umelainika.

Riziki alikuja na panga na kitenge cha manjano, sasa kimepauka. Ziwa limepanda tena na kumeza shamba lake la chini. Amepewa kipande kingine juu, njia ya Lubondja.

"Mama Wilondja," alisema, "ile mihogo ya Mboko ingaliko?"

Tulizunguka nyuma ya choo. Akaitazama muda mrefu, imenipita urefu. Tukakata pingili za nusu yake, tukazifunga zisipigwe na jua. Alipoinama kujitwisha, nikamtangulia. Nikaliweka furushi kichwani mwangu.

Njia inapita kanisani. Wazee walikuwa nje, kwenye viti. Waliliona furushi, wakamwona aliyelibeba. Tukawasalimu, wakaitika.

Tulipanda pingili zile hadi adhuhuri. Harusi ni Jumamosi ijayo. Ameniambia niwahi kwake asubuhi na mchi wangu wa kutwangia, maana majani ya sombe la harusi atakuja kuyachuma nyuma ya choo changu.